Nasaba za Vijidudu katika Njia za Bahari na Anga

Satwa ni mtaa wa watu wa kupanga. Upo Dubai, nyuma ya majengo marefu ya barabara ya Sheikh Zayed, si mbali na Jumeirah ya matajiri, na nyumba zake nyingi ni za kale na za kimo kifupi, ambazo mwaka 2008 ziliandaliwa kubomolewa ili pajengwe mji mpya wa fahari, kisha msukosuko wa fedha ulioikumba dunia mwaka huo huo ukazinusuru nyingi katika hizo. Barabarani wapo mafundi cherehani, wauza miche, na mafundi wa viti vya magari. Juu na nyuma yao vipo vyumba ambamo mtu hapangi chumba bali hupanga kitanda, na kitanda hicho hutengwa na cha jirani kwa pazia. Mpishi kutoka Kerala, mlinzi kutoka Kampala, muuza duka kutoka Manila, na kijana wa Unguja anayengoja viza ya kazi huweza kulala chini ya dari moja na kuvuta pumzi moja; na kila mmoja wao ana kwao, ana uwanja wa ndege aliopitia, na ana jamaa atakaowarejea likizo ikifika.

Mtaa wa namna hii ndipo mahali pafaapo kuulizia swali ambalo katika miaka hii ya karibuni limetoka katika vyumba vya wataalamu likaingia katika maisha ya watu wa kawaida, nalo ni hili: jenomu ya kijidudu, ikisomwa herufi kwa herufi, hutuambia nini juu ya njia kilichopitia, na nini haituambii juu ya watu waliokibeba? Maana taaluma hii ni tukufu na manufaa yake ni makubwa, lakini hukumu zinazojengwa juu yake aghalabu huzidi ushahidi wake, na mzigo wa hukumu hizo huwaangukia wasafiri na wahamiaji kabla haujamwangukia mtu mwingine yeyote.

Kila kiumbe chenye uhai, na hata kirusi ambacho wataalamu wangali wakijadiliana kama chastahili kuhesabiwa miongoni mwa walio hai, kina maandishi ndani yake ambayo kwayo hujizidisha, nayo ndiyo jenomu. Herufi za maandishi hayo ni nne tu, lakini urefu wake hutofautiana mno: kirusi cha UVIKO-19 kina herufi kiasi cha 30,000, kirusi cha homa ya nyani, ambayo sasa huitwa mpox, kina kiasi cha 197,000, bakteria wa kipindupindu wana kama milioni 4, kimelea cha malaria kilicho hatari kuliko vyote milioni 23, na mwanadamu bilioni 3. Kuyasoma kulianza kwa taabu. Walter Fiers na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, walimaliza jenomu ya kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria mwaka 1976. Frederick Sanger akafuata na kingine mwaka 1977. Na haikutangazwa jenomu nzima ya bakteria mpaka ulipofika mwaka 1995. Ya kipindupindu ilisomwa mwaka 2000, na ya malaria mwaka 2002.

Namna maandishi hayo yanavyofichua safari itamwelea upesi mtu aliyepata kulinganisha nakala za tenzi za kale zilizoandikwa kwa mkono katika visiwa vya Lamu na Pate. Mnukuzi wa kwanza huruka neno; wa pili, anayenakili kutoka kwake, hurithi kosa lile na kuongeza lake; wa tatu hurithi yote mawili; na mhakiki ajaye baada ya miaka mia, akizitandaza nakala zote mbele yake, huweza kusema ipi ilizaliwa na ipi, hata kama majina ya wanukuzi yamekwisha kupotea. Kijidudu nacho hujinakili, na katika kujinakili hukosea, na makosa yake hurithiwa na wazao wake. Basi wataalamu wakikusanya jenomu mia au elfu kutoka miji mbalimbali, huzipanga katika silsila, wakajua tawi gani limetoka katika shina gani na takriban wakati gani. Kirusi cha UVIKO-19 katika siku zake za mwanzo kilikuwa kikipata mabadiliko kama mawili kwa mwezi. Hesabu hiyo tuiweke akilini, kwa kuwa ndani yake umo mpaka wa elimu yenyewe.

Kazi hii, ukiitazama kwa karibu, ni ya mikono na subira. Muuguzi hutia kijiti chenye pamba puani mwa mgonjwa, hukizungusha, hukitumbukiza katika kijichupa chenye maji maalumu, na kubandika karatasi yenye namba. Maabarani hutolewa kilicho cha kirusi na kutengwa na uchafu. Hukuzwa kwa vipande vifupi vinavyopandana ncha ili pasibaki pengo. Vipande vya kila mgonjwa hutiwa alama yake, vikachanganywa pamoja, kisha vikapitishwa katika mashine. Ipo mashine moja ya kazi hii ambayo ukubwa wake haupiti wa simu ya mkononi. Nayo hupitisha uzi wa vinasaba katika tundu dogo mno na kupima jinsi mkondo wa umeme unavyobadilika kadiri herufi zinavyopita. Kompyuta huvipanga vipande mahali pake, na, jambo ambalo wengi hawalijui, hulazimika kuziondoa herufi za mgonjwa mwenyewe zilizochanganyika na za kirusi, kwani kijiti kile kilipotoka puani kilibeba vinasaba vya mtu pamoja na vya maradhi yake.

Dubai ilikuwa miongoni mwa miji iliyotambua mapema faida ya jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 katika Falme za Kiarabu walitangazwa tarehe 29 Januari 2020, nao walikuwa jamaa waliofika kutoka Wuhan. Na kabla mwaka haujaisha, wataalamu wa kituo cha jenomu cha hospitali ya watoto ya Al Jalila, akiwamo Ahmad Abou Tayoun, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha tiba cha Mohammed Bin Rashid, walikuwa wamechapisha uchunguzi wa jenomu za virusi walivyovitoa kwa wagonjwa wa mwanzo mwanzo. Waliyoyaona ni kwamba kirusi hakikuingia kwa mlango mmoja. Kiliingia mara nyingi, kutoka Asia, kutoka Ulaya, na kutoka nchi nyingine za Mashariki ya Kati, na papo hapo kikaanza kuambukizwa baina ya wakaazi ambao hawakusafiri kokote. Mji ambao kila siku hupokea ndege kutoka kila pembe ya dunia haungeweza kuwa na historia nyingine; lakini kulisema jambo kwa kudhani ni mbali na kulithibitisha.

Sasa tuichukue elimu hiyo tuipeleke katika chumba cha vitanda vinane pale Satwa, wakaazi wake watano wakiwa na homa. Watakaporudishwa majibu, yamkini jenomu za virusi vya wote watano zitafanana herufi kwa herufi, kwa sababu kirusi kinachobadilika mara mbili kwa mwezi hakipati nafasi ya kubadilika katika siku tatu za kupita kutoka kitanda hiki hadi kile. Silsila itaonyesha kwamba yamkini watano hao wameambukizwa katika mnyororo mmoja, na huenda ikaonyesha kuwa mnyororo huo ni tawi lililowahi kuonekana kwingineko. Haiwezi kabisa kusema ni nani aliyemwambukiza nani. Mwenye nyumba atakayemfukuza Mganda kwa sababu yeye ndiye aliyerudi majuzi kutoka safari atakuwa amehukumu kwa dhana yake mwenyewe, wala asiisingizie sayansi.

Ikiwa hali ni hiyo katika chumba kimoja, basi katika bahari nzima tahadhari yahitajika zaidi; na hapa ndipo historia ya kipindupindu inapotufaa kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa maradhi haya yamesafiri na watu wetu tangu enzi za majahazi. Tabibu wa Kiskochi aliyeitwa James Christie, aliyekuwa Unguja wakati waba huo ulipoangamiza watu mwaka 1869 na 1870, alifanya jambo la kustahili heshima: aliwauliza wafanyabiashara wa misafara na mabaharia, akalinganisha habari zao, na katika kitabu alichokichapisha London mwaka 1876 akaeleza kwamba maradhi yale yalishuka kwa nchi kavu kutoka kaskazini, kupitia nchi ya Wamasai, hata yakafika Pangani na kuvuka bahari kuingia Unguja. Hakuwa na mashine wala hakuijua bakteria yenyewe. Alikuwa na masikio, na alikuwa na watu walioijua njia kwa miguu yao.

Baada ya karne na nusu, François-Xavier Weill wa taasisi ya Pasteur ya Paris na wenzake wengi, wakiwamo Waafrika, walilirudia swali la Christie kwa silaha mpya. Mwaka 2017 walichapisha uchunguzi wa jenomu za bakteria 1,070 wa kipindupindu, waliokusanywa katika nchi 45 za Afrika kwa muda wa miaka 49. Matokeo yake yalipindua dhana iliyokuwa imeenea, kwamba maradhi haya yamejificha katika maziwa na mito ya Afrika yakingoja mvua: tangu mwaka 1970 yaliingizwa barani mara 11 kwa uchache, ukoo wake ukiwa na asili Asia, nayo yakibebwa na wanadamu. Kinachosalia katika maji yetu baada ya mlipuko hakikuonekana kuwa ndicho kinachozua mlipuko mkubwa unaofuata. Kwa mtu wa wizara ya afya habari hii ina uzito mkubwa, kwani adui anayeingia kwa mlango huweza kugunduliwa mlangoni, na mji wenye maji safi na vyoo vyema huweza kumpokea mgonjwa mmoja asiwe elfu.

Miaka miwili baadaye kundi lile lile likaigeukia Yemen, ambako tangu mwaka 2016 watu zaidi ya milioni walikuwa wameshukiwa kupata maradhi hayo. Jenomu zilisema kwamba bakteria wa Yemen walikuwa wa ukoo mmoja, ulioanzia Asia ya Kusini, ukazua milipuko katika Afrika ya Mashariki, kisha ukavuka kuingia Uarabuni. Kwa hiyo safari ilikuwa ya kuzunguka: kutoka Asia ya Kusini kuja kwetu, na kutoka kwetu kwenda Yemen, katika bahari ile ile ambayo kaskazi na kusi zimekuwa zikiwapeleka na kuwarudisha watu kwa karne nyingi. Yuko atakayesoma habari hii akasema, basi Waafrika ndio walioipelekea Yemen msiba wake. Huyo amesoma nusu ya ukurasa. Ukoo wa bakteria umetaja njia. Vita ndivyo vilivyobomoa mabomba ya maji taka, vikazima pampu, vikawaacha watumishi wa afya bila mishahara, vikamfanya mgonjwa mmoja kuwa milioni. Jenomu haina herufi ya vita ndani yake, na kwa sababu hiyo mtu anayeisoma peke yake, minghairi ya historia na siasa, atapata jibu sahihi la swali dogo na kulidhani ndilo jibu la swali kubwa.

Habari ya ngamia inaonyesha upande wa pili wa jambo hili, yaani namna jenomu inavyoweza kumsafisha mtu aliyekwisha kushukiwa. Mwaka 2012 tabibu Ali Mohamed Zaki alikitenga katika mji wa Jeddah kirusi kipya kutoka kwa mgonjwa aliyekufa kwa maradhi ya mapafu, nacho ndicho kilichokuja kujulikana kwa jina la MERS. Tangu hapo kimethibitishwa kwa watu zaidi ya 2,600, wengi wao wakiwa Saudia, na katika kila watatu waliothibitishwa, zaidi ya mmoja amefariki. Ilipobainika kuwa ngamia ndiye anayekibeba, Maabara Kuu ya Utafiti wa Mifugo ya Dubai, ambako Ulrich Wernery alikuwa ameweka akiba ya damu ya ngamia kwa miaka mingi, ilitoa hazina yake: katika sampuli 651 zilizopimwa, 632 zilikuwa na kinga dhidi ya kirusi hicho, na miongoni mwake sampuli zote 151 za mwaka 2003. Wakati huo huo, damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu mwaka 1983 nayo ilikuwa na kinga hiyo. Maradhi yalikuwapo Afrika kwa kama miongo mitatu, na Uarabuni kwa karibu muongo mmoja walau, kabla mtu hajayapa jina.

Na kwa kuwa kila mwaka ngamia kwa maelfu husafirishwa kutoka Pembe ya Afrika kwenda bara Arabu kuuzwa na kuchinjwa, dhana ya kwanza ilikuwa nyepesi: kirusi kimetoka kwao. Malik Peiris na wenzake wa Hong Kong, kwa msaada wa wataalamu wa Afrika, wakazisoma jenomu za virusi vya ngamia wa Kenya, Ethiopia, Nigeria, Burkina Faso na Morocco, wakaona kwamba virusi vya Afrika ni tawi lao peke yao, mbali na matawi yanayowaua watu Uarabuni. Ngamia wa Afrika wameingia na wanaingia, lakini tawi lao halikutwaa nafasi ya lile la Uarabuni. Huenda pia tawi la Afrika likawa dhaifu zaidi katika mapafu ya mwanadamu, kama majaribio ya maabara yalivyoonyesha. Lau jenomu hizo zisingesomwa, ngamia wa Marsabit na mchungaji wake wangebeba lawama isiyo yao hata leo.

Hapa tumefika kwenye kiini. Silsila hujengwa kwa sampuli zilizopatikana; pasipochukuliwa sampuli, hapana tawi. Nchi inayosoma sana huonekana kuwa chimbuko la kila balaa, na nchi isiyosoma huonekana safi, mpaka wasafiri wake watakaposomwa ugenini. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za UVIKO-19 tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na kwa zaidi ya mwaka mmoja dunia haikupewa habari ya kinachoendelea ndani yake. Lakini katikati ya Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka huko walipimwa uwanja wa ndege wa Luanda, na virusi vyao vilipopelekwa Afrika ya Kusini kusomwa, vikaonekana vimekusanya mabadiliko mengi kuliko aina yoyote iliyojulikana siku zile. Mtanzania aliyetaka kujua kinachozunguka katika mji wake alilazimika kukisoma katika karatasi iliyoandikwa na wageni, juu ya sampuli za watu watatu waliokuwa safarini.

Kinyume chake ni Afrika ya Kusini yenyewe. Tarehe 24 Novemba 2021 wataalamu wake, pamoja na wale wa Botswana, waliiarifu dunia juu ya aina mpya ambayo siku mbili baadaye ilipewa jina la Omikroni. Walifanya upesi na kwa uwazi, kama ilivyotakiwa. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege na nchi nyingi, Falme za Kiarabu zikiwamo, ilhali Uholanzi ilikuja kugundua kwamba aina hiyo ilikuwamo katika sampuli zake za tarehe 19 Novemba. Falme za Kiarabu zilitangaza mgonjwa wao wa kwanza wa Omikroni tarehe 1 Desemba. Na tarehe 25 Desemba, kirusi kikiwa tayari kimo ndani, zuio likapanuliwa kuwagusa wasafiri kutoka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Nigeria, likadumu hadi tarehe 29 Januari 2022. Insafu yataka tuseme kwamba kila serikali ina haki ya kulinda wakaazi wake, na kwamba wenye mamlaka hulazimika kuamua kabla elimu haijakamilika. Lakini insafu hiyo hiyo yataka tuwakumbuke waliokwenda kwao kuzika wazazi wakashindwa kurudi kazini, ambao kodi ya kitanda chao Satwa iliendelea kudaiwa, na ambao hapana jenomu hata moja iliyosema kwamba wao ni hatari kuliko abiria wa Amsterdam.

Gurudumu likageuka. Mwezi Septemba 2023 ilianza kuonekana Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini nchini Kongo, aina ya mpox iliyoenea baina ya watu wazima. Wataalamu wa taasisi ya INRB ya Kinshasa, iliyokuwa chini ya Jean-Jacques Muyembe, na miongoni mwao Placide Mbala, waliisoma jenomu yake wakaona mambo mawili. La kwanza, mabadiliko yake yalikuwa na alama inayoachwa na mwili wa mwanadamu unapopambana na kirusi, ambayo ni dalili kuwa kilikuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu, wala si kurukia watu mara kwa mara kutoka kwa wanyama wa msituni. La pili, kilikuwa kimepoteza sehemu ya maandishi yake, na sehemu hiyo ndiyo ambayo kipimo kimoja kilichozoeleka cha kuutambua ukoo wake kilikuwa kikiitafuta. Hivyo kipimo hicho, kikitumiwa peke yake, kingemrudisha mgonjwa nyumbani na karatasi ya salama. Hapo faida ya kusoma haikuwa ya kitabuni. Pasipo kusomwa Kongo yenyewe, na Wakongo wenyewe, kipimo kingeendelea kusema uongo.

Kutoka Kivu aina hiyo ilifika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Mwezi uliofuata India ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa aina hiyo, msafiri aliyerejea Kerala kutoka Falme za Kiarabu. Na baada yake nchi nyingine kadhaa zilipata wasafiri waliotoka huko huko. Ghuba sasa ikawa mahali ilipokuwa Tanzania mwaka 2021: sehemu kubwa ya habari za kinachozunguka ndani ilijulikana kwa kusoma miili ya watu waliotoka. Silitaji jambo hili kwa kuionea fahari taabu ya mwenyeji wetu. Nalitaja kwa sababu laonyesha kwamba kanuni ni moja kwa tajiri na maskini, na kwamba nchi yenye maabara bora pia huweza kutanguliwa na habari zake yenyewe ikiwa wakaazi wake walio wengi ni wageni wanaoogopa kwenda hospitali.

Viumbe vingine vyaweza kupitiwa kwa haraka. Mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini na bara Arabu, na ambaye huzaa katika matangi na mapipa ya maji ya mijini, alionekana Djibouti mwaka 2012 na Kenya, wilayani Laisamis, mwaka 2022. Wakati Falme za Kiarabu zilikuwa zimekwisha kuthibitishwa tangu 2007 kuwa hazina malaria, jirani yao mwenye mabawa alikuwa akivuka kuja kwetu. Vimelea vya malaria vyenye kustahimili dawa ya artemisinini vilipogunduliwa Rwanda, wengi walidhani vimeletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Jenomu zilizochapishwa mwaka 2020 zikaonyesha vimezaliwa papo hapo. Na ile tende inayouzwa kila duka la Satwa imesomwa na wataalamu wa chuo kikuu cha New York kilichopo Abu Dhabi, wakaona kwamba mitende ya Afrika ya Kaskazini ina damu ya mtende wa mwituni wa visiwa vya Kigiriki. Hapana aliyeona haya kwa habari hiyo. Katika tende watu hugombania asili; katika maradhi kila mtu huikana.

Dawa ya uhaba wa sampuli na ya lawama zinazotokana nao ipo, na nusu yake imekwisha kuonekana Kilifi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoanzishwa pale mwaka 1989 katika mji mdogo wa pwani, kilikuwa na mashine na vijana waliofundishwa kabla UVIKO-19 haujaingia Kenya, na kwa hiyo Charles Agoti, George Githinji na wenzao hawakungoja majibu kutoka Ulaya. Walisoma jenomu 1,139 za kaunti sita za pwani katika mawimbi mawili ya mwanzo, wakaonyesha kwamba Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango mkuu katika wimbi la kwanza, na kwamba katika la pili maambukizo yalikuwa yakipita baina ya kaunti na kaunti. Hiyo ni habari anayoweza kuitumia mganga mkuu wa Kwale au wa Lamu keshoye, na ameletewa na watu wanaojua Kwale iko wapi. Mpango wa jenomu za vijidudu ulioanzishwa na kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa mwezi Oktoba 2020, wenye dola milioni 100, ulikusudia kuieneza hali hiyo barani. Lakini fedha za wafadhili zina mwisho, na kemikali za mashine hizo hununuliwa kwa bei ya juu kutoka nje, na maabara isiyo na kemikali ni chumba chenye kiyoyozi tu.

Nusu ya pili ni ya haki. Mkataba wa dunia juu ya majanga ya maradhi uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 ulikubali kwa maneno kwamba anayetoa kijidudu na jenomu yake astahili kupata chanjo na dawa zitakazotokana navyo, hata ikatajwa asilimia 20 ya zitakazotengenezwa. Kisha namna ya kulitimiza jambo hilo ikaachwa katika kiambatisho cha kujadiliwa baadaye. Wajumbe wa Afrika ya Mashariki wasichoke katika majadiliano hayo. Lakini Ghuba ina deni la namna nyingine, kwa sababu pale sampuli za mtu na kibali chake cha kuishi viko karibu mno: mgeni hupimwa ili apewe ukaazi, na akionekana na baadhi ya maradhi hunyimwa. Mtu wa hali hiyo akiambiwa atoe sampuli kwa ajili ya elimu, moyo wake husikia jambo jingine. Mamlaka za afya zikitaka kuijua jenomu ya kila homa inayozunguka mitaani, ziitenge kazi hiyo, kwa sheria na kwa matendo, na idara ya viza. Zitangaze hivyo kwa Kiurdu, Kimalayalam, Kitagalog, Kiamhari na Kiswahili. Na zimrudishie mtu jibu lake.

Nawe msomaji uliyepo Satwa, au Deira, au Muscat, ukiugua na kuombwa sampuli, itoe, kwa kuwa huenda ikaokoa watu wa chumbani mwako na wa kijijini kwako; lakini uliza kwa adabu itasomwa wapi, itaandikwa kwa jina au kwa namba, na ni nani atakayekuletea habari. Ni haki yako kuuliza, na daktari mwema hatachukizwa na swali hilo.